Nukta Mbele ya Jina

Jumatatu, 3 Machi
Mvua imeanza leo, na daktari amesema lile tulilokuwa tukilikwepa. Koo la Baba haliponi kwa dawa. Watatoa kisanduku cha sauti chote, naye atapumua kwa tundu la shingoni. Atakula, atatembea, ataishi. "Ila kusema, mzee wangu, ndiyo basi," daktari alisema, macho kwenye kalamu yake.

Baba ni dalali wa mnada. Maisha yake yote ameuza vitanda, makabati na majokofu ya watu waliohama au waliofilisika, na chombo chake cha kazi ni koo hilo hilo. Sokoni wanamwita Nyundo. Pale kwa daktari aliuliza kwa sauti iliyokwisha kuanza kukwaruza: "Na mke wangu je?"

Daktari hakumwelewa. Mimi nilimwelewa. Mama haoni. Presha ya macho ilimla kidogo kidogo, sasa hata mwanga wa dirisha haupati. Anajua Baba yuko wapi kwa kumsikia. Baba akiingia husema, "Mimi hapa." Akimpa kikombe husema, "Kushoto kwako, cha moto." Nyumba yetu itabaki na asiyesema na asiyeona, na mimi katikati.

Jumatano, 5 Machi
Wazo limenijia kazini, kwenye duka letu la kuchapa na kutoa kopi, nikiwa nimesimama mbele ya mashine inayotema kurasa za mtu mwingine. Tumrekodi Baba! Maneno ya kila siku, moja moja, kabla ya upasuaji. Baadaye atakuwa anabonyeza kitufe na Mama anasikia.

Kompyuta tunayo pale sebuleni, kuukuu lakini nzima. Fundi wa mtaa wa pili ndiye aliyeifufua, akaiwekea Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, kisha akabandika pembeni picha ya nembo yake, ndege pengwini. Tangu siku hiyo jina lake kwetu ni Fundi Pengwini. Ndani ya kompyuta hiyo kuna kinasa sauti. Unabonyeza duara jekundu, unasema, na maneno yako yanajipanga kwenye orodha.

Ijumaa, 7 Machi
Baba ni mkaidi kuliko msumari uliopinda.

"Sema, 'Mimi hapa.'"

"Nimwambie nani? Mama yako yuko jikoni."

"Sema tu, Baba."

"Mtu mzima haongei na sanduku."

Tukavutana hadi Mama akapaza sauti kutoka jikoni: "We mzee! Umewauzia watu majokofu mabovu kwa mdomo huo huo, leo unashindwa kusema mimi hapa?"

Akacheka, akakohoa, akasema. Ilitoka vizuri.

Jumatatu, 10 Machi
Mvua. Leo tumepata "Subiri nikushike", "Kuna ngazi", "Umekula?", "Usiguse, kuna glasi". Nimegundua kitu ambacho sikuwahi kukisikia: akisema na Mama, Baba hushusha sauti na kuvuta maneno, kama mtu anayeweka mzigo chini bila kuugonga. Sokoni hakuna anayeijua sauti hiyo.

Alhamisi, 13 Machi
Baba aliniomba nimwonyeshe mwenyewe pa kubonyeza, kisha akanitoa sebuleni na kufunga mlango. Alikaa mle ndani muda mrefu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu.

"Ile ya mwisho ni ya mama yako," alisema. "Siku akinikumbuka sana, mfungulie. Wewe usiisikilize."

Sikuisikiliza.

Jumapili, 16 Machi
Nguo hazikauki.

Jumanne, 18 Machi
Kaka amepiga simu kutoka mji anakofanya kazi. Maneno mengi, kama kawaida yake. Atakuja, ataleta hiki, atazungumza na mkubwa fulani wa hospitali. Nimemjibu ndiyo kaka, ndiyo kaka, huku namenya viazi. Debe tupu.

Alhamisi, 20 Machi
Fundi Pengwini alipita dukani akanikumbusha: "Dada, kitu kikiwa kimoja hesabu huna. Weka nakala." Basi jioni nimechomeka flashi na kukokotea humo folda zote: Nyaraka, Picha, Muziki, Video. Nimeitia flashi kwenye kopo la vifungo la Mama. Roho imetulia.

Jumamosi, 22 Machi
Nilitaka kupakua programu ya vitufe, ile ambayo Baba atagusa picha ya kikombe na sauti yake mwenyewe iseme "cha moto". Kompyuta ikakataa, diski imejaa. Nikampigia Fundi Pengwini. Alikuwa juu ya paa la mtu akivuta waya, mvua inamnyeshea, anapiga kelele.

"Kuna folda zimefichwa, dada! Fungua folda yako ya nyumbani, bonyeza Control na H. Utaziona zenye nukta mbele ya jina. Ile ya cache, makombo ya muda tu, ndiyo inayokula nafasi. Ifute, haina neno!"

"Na nyingine?"

Simu ikakatika.

Nikabonyeza. Nilishtuka. Folda nilizozizoea zilikuwa chache, mara zikamwagika nyingine tele, rangi imefifia, kila moja na nukta yake. Miaka yote nimekaa na mashine hii, kumbe ina wapangaji nisiowajua. Nikafuta ile ya cache. Nafasi ikaongezeka na mashine haikulalamika, nikavimba kichwa. Nikaanza kupekua. Niliona moja imeandikwa .local, nzito kuliko zote. Dukani kwetu kitu cha "lokali" ni cha hovyo: wino wa lokali, karatasi ya lokali. Niliichungulia juu juu, nikakuta folda ndani ya folda, majina marefu ya kizungu yaliyounganishwa kwa nukta, sikutambua hata moja. Nikaamua ni makapi ya programu zilizokwisha kufa. Sikutaka yapitie kwenye pipa la taka, maana pipa nalo linakula nafasi. Nikashika Shift, nikabonyeza Delete. Ikaniuliza kama nina hakika. Nikajibu ndiyo.

Sasa nafasi ipo tele. Nimepakua programu ya vitufe na video zote za mafunzo yake. Nimejipongeza kwa chai.

Jumatatu, 24 Machi
Tumemlaza Baba hospitali. Mama alishika kidole kimoja cha Baba hadi muuguzi alipokuja na kiti cha magurudumu. Nilitoka nje niwaache waseme.

Jumanne, 25 Machi
Upasuaji umekwenda salama. Yuko hai.

Jumatano, 26 Machi
Ana mrija puani na mwingine shingoni. Aliniona, akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Akaufunga kwa haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake.

Ijumaa, 28 Machi
Niandike tu ilivyokuwa.

Nilirudi mapema kuandaa vitufe ili Baba akitoka avikute tayari. Nikafungua kinasa. Katikati ya kioo kulikuwa na maneno mawili tu: "Hakuna rekodi." Nikakifunga, nikakifungua. Nikazima kompyuta, nikaiwasha. Hakuna rekodi. Nikajiambia, tulia, flashi ipo. Nikamimina vifungo vyote mezani, nikaipata, nikaichomeka. Nyaraka, nyaraka za kazi. Picha, picha za harusi ya kaka. Muziki, nyimbo. Baba hamna. Nilifungua kila folda, nikarudia, kisha nikarudia tena kama anayetafuta funguo kwenye mfuko aliokwisha kuupindua.

Hapo ndipo nikaikumbuka ile .local.

Mama alikuwa kibarazani anasikiliza mvua. "Mbona kimya humo ndani?" aliuliza.

"Nafanya kazi, Mama."

Jana niliamka binti mwenye wazo jema. Leo sijui mimi ni nani kwenye nyumba hii. Na kinachonikaba ni hesabu hii: nilifuta Jumamosi, Baba amekatwa Jumanne. Jumapili nzima alikuwa nyumbani na sauti yake, akinilalamikia chumvi. Ningefungua kinasa mara moja tu!

Jumamosi, 29 Machi
Fundi Pengwini amekuja amelowa hadi soksi. Nilimweleza mlangoni, hata hajakaa. Alichuchumaa mbele ya mashine.

"Kinasa hiki hakiweki kwenye Muziki," alisema taratibu. "Kinaweka ndani ya .local, kwenye folda yenye jina lake. Humo ndimo programu nyingi zinaweka mali za mtu."

"Na flashi?"

"Ulikokota unavyoviona. Vyenye nukta haviji."

Nikaichomoa flashi.

"Ulipofuta, uliizima mashine?"

"Hapana. Nilipakua ile programu. Na video."

Akafumba macho. Akanieleza kwamba ukifuta, mashine inasahau tu kitu kilikuwa wapi. Chenyewe kinabaki palepale hadi kingine kije kulala juu yake. Ndiyo maana mtu anatakiwa azime mara moja. Mimi nililaza video za mafunzo juu ya baba yangu.

"Uliniambia nifute," nilimwambia. Sauti ilinitoka kama ya mgomvi wa bombani.

"Nilikuambia cache, dada."

"Uliniambia nusu! Ulikuwa juu ya paa la mtu, ukanipa nusu!"

Amechomoa diski, akaivingirisha kwenye shati lake kavu la akiba, akaondoka nayo mvuani na shati lililolowa mwilini. Namchukia. Nikimaliza kumchukia, nabaki mimi.

Jumatatu, 31 Machi
Mama ameuliza. Nilijua atauliza.

"Niwekee baba yako kidogo. Ile ya mimi hapa. Nyumba imekuwa pana mno."

"Kompyuta mbovu, Mama. Iko kwa fundi."

"Imeharibikaje na juzi ulikuwa unaitumia?"

"Mvua. Umeme ulicheza."

Mtu asiyeona ana masikio ya kukutoa jasho. Aligeuza uso upande wangu, akaushikilia hapo, kisha akasema, "Haya."

Jumatano, 2 Aprili
Nimekwenda kwa Fundi Pengwini. Chumba chake ni waya na vikombe vichafu. Dada yake anayeishi naye anasema hajafungua kazi ya mteja mwingine tangu Jumamosi. Ameichambua diski nzima. Amepata vipande visivyo na majina, akavicheza kimoja kimoja: kengele ya mashine ikiwaka, nusu ya wimbo, tangazo. Kisha Baba, ghafla, karibu kabisa: "…to kwako, cha mo…" Ikakatika. Na kipande kingine, kikohozi, halafu sauti yangu safi kabisa, isiyo na doa: "Sema tu, Baba."

Mwisho.

"Nisamehe," fundi alisema. Macho yake yamevimba kwa kukesha. Nilitaka kumtukana, nikaona mikono yake imejaa malengelenge ya kifaa cha kulehemu, nikashindwa. Na mimi nilimwomba radhi kwa maneno ya juzi.

Alhamisi, 3 Aprili
Kaka amefika. Nimemwambia nje, karibu na pipa la maji, ili Mama asisikie.

"Umefanya nini?"

Nikarudia.

"Nani alikutuma upekue usivyovijua? We unafanya kazi ya kutoa kopi, ukajifanya injinia?"

Nilimwacha amwage yote. Alipomaliza kufoka alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaanza kulia kwa kwikwi, mtu mzima mwenye mvi. "Mimi sikuwahi hata kumpigia simu vizuri," alisema. Miaka yote nimemwita debe tupu. Sikujua ndani mna nini.

Jumapili, 6 Aprili
Nimemwambia Mama. Nilikuwa namsuka, amekaa kati ya magoti yangu, hivyo niliuambia utosi wake. Nilieleza folda, nukta, Shift, kila kitu, kana kwamba maelezo mengi yatapunguza kosa.

"Hata ile aliyofunga mlango?"

"Hata ile."

Alipapasa msuko uliokwisha. Kisha akasema, "Malizia nywele." Nikamalizia. Alipoinuka alishika ukuta akaenda chumbani peke yake, na aliponisikia namfuata alisema, "Leo niache."

Jumatano, 9 Aprili
Nimemwambia Baba. Ameshatolewa mrija wa puani. Ana kibao cheupe cha kalamu ya kufutika. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua kalamu, akaiweka juu ya kibao bila kuandika. Akageukia ukutani.

Alhamisi, 10 Aprili
Bado ukutani.

Ijumaa, 11 Aprili
Bado. Muuguzi aliniuliza tuna ugomvi gani wa kifamilia. Mvua imeingia hadi kwenye varanda ya wodi.

Jumatatu, 14 Aprili
Baba amerudi nyumbani. Aliingia mlangoni akasimama. Mama alikuwa kwenye kiti chake, kichwa kimeinuka, anasubiri. Sote watatu, kaka na mimi na Baba, tulijua ni wakati wa "Mimi hapa." Nikasema mimi: "Baba huyu hapa, Mama."

"Nimesikia viatu," Mama alisema.

Baba alivua viatu, akamwendea akamgusa bega, na Mama akaruka kwa hofu. Hakumsikia akikaribia. Baba alirudi nyuma hatua nzima, mikono juu, kama aliyeunguzwa.

Alhamisi, 17 Aprili
Mambo ni hayo hayo kila siku. Baba anagonga meza, Mama anauliza "Nini?", Baba anaandika, mimi nasoma. Nikienda kazini na kaka akitoka, hawana mkalimani, wanakaa vyumba viwili. Leo nimerudi nikakuta Mama amejikata mguu kwa glasi iliyovunjika. Baba aliiona kabla yake. Aligonga ukuta mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Mama alidhani anapigilia msumari.

Niliokota vipande, nikajifungia chooni, nikafungulia bomba ili wasinisikie.

Jumamosi, 19 Aprili
Kaka ameshinda sokoni siku mbili, mlango hadi mlango, akiuliza kama kuna mtu aliyewahi kumrekodi Nyundo kwa simu. Amepata! Vipande vitatu vya mnada. Alikuja anakimbia, matope hadi magotini, akamwekea Mama simu sikioni.

Sauti ya Baba ikajaa sebuleni: "Kabati la milango mitatu, wazee, mninga huu! Nani anaongeza? Usinitazame mimi, tazama kabati!"

Baba alisimama mlangoni, mkono shingoni.

Mama alisikiliza vyote vitatu. Akamrudishia kaka simu kwa heshima, kwa mikono miwili. "Asante, mwanangu. Lakini huyu ni wa watu wa sokoni," alisema. "Wangu hapigi kelele."

Baba akatoka nje mvuani bila mwavuli.

Jumanne, 22 Aprili
Baba amenigonga bega, akanionyesha kompyuta. Fundi Pengwini ameshairudisha, na diski mpya. Akaandika: WASHA. Nikawasha. NIONYESHE. Nikafungua folda ya nyumbani, nikabonyeza Control na H. Zikatokea tena, zilizofifia, na .local mpya katikati yao. Nikamwonyesha kwa kidole ilipokuwa sauti yake.

Alitazama sana. Kisha akaandika: KWA NINI WANAZIFICHA?

"Ili mtu kama mimi asiziguse, Baba."

Akanitazama. Ni mara ya kwanza tangu hospitali. Akafuta kibao kwa kiganja, akaandika: UNGENIULIZA MIMI NISINGEJUA PIA. Kisha akaniwekea mkono kichwani, akauacha hapo, mzito. Nililia hadi kifua kikauma. Hakuna kilichorudi.

Jumapili, 27 Aprili
Mvua. Mama hazungumzi sana. Ameniuliza kama Baba bado ana masharubu.

Jumamosi, 3 Mei
Asubuhi nimekuta jambo. Baba alikuwa amekaa kitandani, na Mama mbele yake amemshika uso kwa mikono miwili. Kidole gumba kimoja kidevuni, vingine midomoni. Baba anafungua mdomo na kuufunga bila sauti, taratibu.

"Mama," alisema Mama. "Umesema mama."

Baba akatikisa kichwa kukataa, ndani ya mikono yake.

"Baba?"

Akakataa tena.

"Basi papa! Unanisumbua, mzee, yote midomo inafanya vilevile."

Nilirudi nyuma nikauvuta mlango.

Jumatano, 7 Mei
Wanashindwa kuliko wanavyoweza. Mama anachoka, anakasirika, anamsukuma. Jana alisema, "Hata sijui kama ni wewe," na Baba akaenda kukaa uani hadi giza. Leo amerudi akakaa mbele yake, akauchukua mkono wa Mama na kuuweka mdomoni mwake mwenyewe. Wamepata "maji" na "mvua". "Njoo" wameipata. "Mimi" wanaipata kila mara.

Fundi Pengwini amepita kuuliza hali. Nilimkaribisha ndani, akakaa.

Jumatatu, 12 Mei
Chakula cha mchana, sote mezani, kaka naye yupo, anaondoka kesho. Baba alionja, akakunja uso. Mimi nikanyanyuka nimletee kibao, lakini alikwisha kumgusa Mama mkono, na Mama akapeleka vidole midomoni mwake. Baba akasema neno.

"Chumba?" Mama aliuliza.

Baba akarudia.

"Chumba. Mchana huu, mzee? Na watoto wapo?"

Kaka alitema maji. Baba akawa anatikisika mabega, uso umejikunja, na kwenye tundu la shingo hewa inatoka kwa kasi, fyu, fyu, fyu. Nilitaka kumwambia Mama kuwa anaomba chumvi, nikashindwa kwa kicheko na machozi pamoja.

"Anafanya nini?" Mama aliuliza. "Huo mluzi ni wa nini?"

"Anacheka, Mama," nilisema.

"Sikuulizi wewe," akasema, na akarudisha vidole vyake midomoni mwa Baba.